Kurudi Chuo na Mtoto Mgongoni: Pesa Itatoka Wapi?

Ukifungua fomu ya kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, sehemu kubwa ya maswali yatahusu baba yako na mama yako. Wako hai? Wanafanya kazi gani? Ni nani alikulipia shule? Mimi nilijaza fomu hiyo nikiwa na miaka thelathini, nimekaa kwenye kibenchi cha steshenari, binti yangu wa miaka mitano amelala mapajani. Kijana aliyekuwa anabofya kompyuta akaniuliza, "Dada, wewe ni mzazi mmoja?" Nikamjibu ndiyo, namlea huyu peke yangu. Akacheka. "Sio hivyo. Hapa wanauliza kama wewe umefiwa na mzazi mmoja."

Mfumo wetu unakutazama kama mtoto wa fulani, haukutazami kama mama au baba wa fulani. Tanzania haina ruzuku maalumu ya mzazi anayelea peke yake na anataka kurudi darasani kutwa nzima. Ila vipo vyanzo sita au saba vidogo, na ukivipanga kwa kalenda vinaweza kukuvusha miaka mitatu. Naandika nikiwalenga zaidi akina mama kwa sababu ndio wengi, lakini akina baba wanaolea peke yao wapo, na karibu kila kitu hapa kinawahusu.

Anza na mwezi, sio na chuo

Wengi huanza kwa kuuliza "nisome kozi gani". Anza na umri wa mtoto. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia awali hadi kidato cha nne, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 kidato cha tano na cha sita navyo havina ada. Mtoto akifikisha umri wa awali, kwa kawaida miaka mitano, gharama kubwa kuliko zote, ile ya kumlipa mtu wa kumshika mchana, inapungua mno. Itabaki sare, daftari, michango ya uji na masaa machache ya mchana baada ya mtoto kutoka shule. Mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu namshauri asubiri kama anaweza, atumie muda huo kuweka akiba na kutengeneza nyaraka. Najua ushauri huu unauma.

Kisha hesabu kurudi nyuma. Vyuo vikuu hufungua Oktoba au Novemba. Dirisha la mkopo kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, na kufikia Agosti au Septemba limefungwa. Kwa hiyo mtu anayetaka kuingia chuo mwishoni mwa mwaka aanze kushughulikia vyeti Januari. Mimi nilianza Julai, na hiyo Julai ilinigharimu mwaka mzima. Nitaeleza.

Mlango wako ni upi

Kama uliishia njiani sekondari, usifikirie chuo kikuu kwa sasa, fikiria Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Viko 54 nchi nzima, kuanzia Arnautoglu pale Dar es Salaam hadi Sikonge, Tarime, Newala na Njombe. Wengi tunavijua kwa ushonaji na useremala tu, lakini kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho vyuo hivi vimekuwa vikipokea wasichana waliokatishwa masomo, wanasoma sekondari pamoja na fani, na wenye watoto wanaruhusiwa kwenda nao, mtoto anabaki kwenye kituo cha malezi hapohapo chuoni. Sijui taasisi nyingine ya umma inayotamka wazi kwamba mwanafunzi anaweza kuja na mtoto wake. Nenda ana kwa ana kamuulize mkuu wa chuo nafasi za mwaka huu, usitegemee kupiga simu.

Mwenye cheti cha kidato cha nne ana njia mbili. VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi vya serikali, ni nafuu kuliko watu wanavyodhani: ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vyao vyenyewe kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ya pili ni vyuo vya kati, cheti halafu stashahada. Hapa ada ya kozi za afya kwenye vyuo binafsi inaweza kuzidi ya chuo kikuu cha serikali, kwa hiyo soma muundo wa ada mpaka ukurasa wa mwisho. Mtihani, kitambulisho, sare ya kliniki na mazoezi ya hospitali mara nyingi viko nje ya ada.

Mwenye kidato cha sita au stashahada anaingia kwenye habari ya Bodi.

Mkopo wa Bodi: masharti matatu yanayotutoa nje

Kila mwaka Bodi hutoa mwongozo, bure, kwenye tovuti yake, na upo kwa Kiswahili. Usome wa mwaka wako. Usisomewe na mtu wa steshenari. Yako masharti matatu ambayo kwa kijana aliyetoka shule juzi hayana shida, lakini kwetu ndiyo panga.

La kwanza ni umri: mwombaji asizidi miaka 35 wakati wa kuomba. La pili ni muda tangu uhitimu. Miongozo ya miaka ya karibuni imekuwa ikitaka uwe umemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Aliyemaliza kidato cha sita miaka tisa iliyopita, akazaa, akalea, yuko nje. Njia ya kurudi ndani ni kupitia stashahada, kwa sababu muda unahesabiwa kwa sifa unayoombea. Ni mzunguko, lakini ni mzunguko unaokupa pia cheti cha kuajiriwa njiani. Tangu 2023/24 Bodi inakopesha hata baadhi ya stashahada: afya, ualimu wa sayansi na ufundi, usafirishaji, nishati na madini, kilimo na mifugo. Kama umri wako ni 31 na cheti chako ni cha zamani, stashahada ya mojawapo ya fani hizi ndiyo ningeitazama kwanza.

La tatu ni kipato. Mwombaji asiwe na kipato cha ajira au mkataba. Maana yake huwezi kubaki kwenye ajira rasmi huku ukiomba. Na ukiacha kazi kwa hiari yako ili usome, usitegemee fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa sababu lile ni la aliyeachishwa. Nimeona dada mmoja akiandika barua ya kuacha kazi mwezi Mei akiamini atalipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Hakulipwa hata senti. Kama unaacha, acha ukiwa na akiba mkononi.

Sasa nyaraka, na hapa ndipo Julai yangu ilipozama. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa jina moja, cheti cha kidato cha nne kina herufi moja zaidi, na kitambulisho cha taifa kina tahajia ya tatu. Herufi moja. Nilihitaji kiapo cha majina kwa wakili, kisha marekebisho, na foleni ya ofisi moja nisiyoitaja ilimaliza wiki tano. Dirisha likafungwa nikiwa na risiti mkononi. Basi leo hii, kabla hujamaliza kusoma, toa vyeti vyako vyote uvilaze kitandani, usome majina herufi kwa herufi.

Utakavyohitaji: cheti chako cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo (kwa waliozaliwa Zanzibar, wakala wa usajili wa matukio ya kijamii wa kule), cheti cha kifo cha mzazi aliyefariki nacho kimehakikiwa, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), vyeti vya shule, picha, na mdhamini mwenye kitambulisho. Fomu ikishachapwa inasainiwa na wewe, mdhamini, mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo, halafu inaskaniwa na kupandishwa tena kwenye mfumo. Ada ya maombi ni shilingi 30,000 kwa namba ya malipo, hairudi. Ukurasa mmoja usiposainiwa, maombi yako hayajakamilika hata kama umelipa. Mwenyekiti wa mtaa wangu alisaini ukurasa mmoja akaruka wa pili kwa kuwa simu iliita. Niligundua usiku. Asubuhi saa moja nilikuwa mlangoni kwake.

Kama mzazi wako amefariki na familia haikuwahi kuchukua cheti cha kifo, kichukueni. Bodi haihukumu kwa maneno. Hali kadhalika kaya yenu ikiwa ndani ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini: uthibitisho wake una uzito mkubwa katika kupima uhitaji, na wengi huona aibu kuuweka. Ulemavu wako au wa mzazi wako nao unatakiwa uthibitishwe na mganga.

Ukipata, unapata nini? Ada au sehemu yake inaenda moja kwa moja chuoni. Mkononi mwako inakuja fedha ya chakula na malazi, boom kwa jina la wanafunzi, ambayo kiwango chake cha juu siku hizi ni shilingi 10,000 kwa siku, inakuja kwa awamu. Kuna vitabu na viandikwa hadi 200,000 kwa mwaka, na fedha ya mafunzo kwa vitendo kwa siku zisizozidi 56. Likizo ndefu haina boom. Usiisahau hiyo.

Ukikosa, au ukipata kidogo, subiri dirisha la rufaa linalofunguliwa baada ya majina kutoka, na safari hii weka kithibitisho ulichokosa mwanzo. Rufaa ya kuandika kilio bila karatasi mpya ni kupoteza muda. Kuhusu kulipa: ukishaajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama la kaka zetu waliotutangulia.

Wazanzibari mna bodi yenu pia, ulizeni huko kwanza.

Baba wa mtoto

Hiki ndicho chanzo ambacho wengi tunakiruka kwa hasira au kwa fahari. "Sitaki senti yake." Haya, wewe hutaki, lakini pesa si yako, ni ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya matunzo kutoka kwa wazazi wote wawili, wawe walioana au hawakuoana. Shilingi 80,000 kwa mwezi inayoingia kwa uhakika ni tofauti ya kumaliza mwaka wa kwanza na kuahirisha.

Njia ya kawaida ni hii. Unaanza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Huduma ni bure. Anamwita baba kwa barua, mnakaa, mnaandikishana kiasi na tarehe. Wengi huishia hapo, na hapo panatosha akiwa mtu wa kutimiza. Kama haji au hatimizi, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto. Amri ya mahakama ikitoka, kutolipa ni kosa jingine tena. Akikana mtoto, mahakama inaweza kuagiza vinasaba, lakini ushahidi mwingine nao unahesabika: jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa, kumkubali mtoto mbele za watu, kutimiza mila za kwao.

Kabla hujaenda, fanya kazi moja ya jioni. Omba taarifa ya miamala kutoka kampuni yako ya simu na upige mstari kila mahali alipowahi kutuma pesa, hata ile elfu kumi ya maziwa. Chapisha jumbe alizoandika "mwanangu anaendeleaje". Andika kwenye daftari matumizi ya mtoto kwa mwezi mmoja: uji, sabuni, dawa, nauli, sare. Afisa atakuuliza unahitaji kiasi gani, na mwenye daftari husikilizwa tofauti na mwenye machozi. Na usikae miaka ukisubiri abadilike, hasa kama hajawahi kutoa chochote, maana sheria hii ina mipaka ya muda. Ukikwama, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) hutoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wasio na uwezo. Kukiwa na vitisho au kipigo, anza Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, siyo kwa baba.

Kama una ajira

Mtumishi wa umma asikimbilie kuacha kazi. Ingia kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri wako, uombe ruhusa ya masomo, uende chuo mshahara ukiendelea. Foleni yake ni ndefu, ofisa utumishi ndiye wa kumsumbua, na ombi huandikwa kabla ya bajeti ya mwaka unaofuata. Mtumishi anaweza pia kukopa benki kwa dhamana ya mshahara. NMB, kwa mfano, walianzisha mkopo wa elimu kwa wanaopitishia mshahara kwao, kwa riba ya chini kuliko mikopo yao ya kawaida. Aliye kampuni binafsi hana haki ya namna hiyo, anategemea mazungumzo na mwajiri. Omba zamu ya usiku au mwisho wa wiki, lakini hapo kumbuka sharti la kipato la Bodi.

Kikundi, kibubu na bibi wa mtoto

Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri (nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu) ni mkopo usio na riba, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Ni wa mradi, si wa ada. Mimi siushauri kwa mtu anayeanza masomo ya kutwa, kwa sababu mnadhaminiana kikundi kizima, na ukishindwa kusimamia mradi wenzako ndio watakaokuja mlangoni. Miaka miwili kabla ya chuo, sawa. Kuku wawe wameshaanza kutaga na dada yako anawasimamia.

Vicoba, vikundi vya kuweka na kukopa, ni bora zaidi kwa shughuli hii. Panga mgao wenu uangukie Septemba. Wengi huvunja Desemba kwa ajili ya sikukuu, lakini kikundi cha watu wazima kikielezwa mapema kinaelewa.

Na bibi. Karibu kila mama niliyemjua aliyemaliza alikuwa na mama yake nyuma. Ila mpe masharti yanayojulikana: mtoto atakaa kwako mpaka lini, nitatuma kiasi gani tarehe ngapi, akiumwa nani anaamua. Mama yangu alikubali miezi minne. Mwezi wa tano akanipigia: "Mwanangu, mimi nilisema minne." Alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekuwa najifanya sikumbuki.

Daftari la mwezi mmoja

Chukua mfano wa mama wa mtoto mmoja wa awali, amepanga chumba nje ya chuo. Kwa nini nje? Kwa sababu mabweni mengi hayapokei mtoto. Boom ya kiwango cha juu kwa siku 60 ni 600,000, yaani 300,000 kwa mwezi. Chumba 60,000. Umeme na maji 15,000. Jirani wa kumshika mtoto mchana 50,000. Chakula cha wawili, 5,000 kwa siku, 150,000. Nauli 40,000. Jumla 315,000. Umeshazidi kwa 15,000, na bado hujanunua sabuni wala kutoa kopi moja. Weka matunzo ya 80,000 unabaki na 65,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo inayojenga akiba ya likizo.

Viwango vya mtaa wako vitakuwa tofauti, lakini hesabu itakwenda hivyohivyo. Halafu kuna kodi: mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, 360,000, kabla hujaona boom ya kwanza, na boom ya kwanza mara nyingi inakuja vipindi vimeshaanza. Kwa hiyo fika chuo ukiwa na kodi hiyo pamoja na chakula cha miezi miwili. Kwa mfano huu ni kama 660,000. Huna? Ahirisha mwaka, uandikie chuo barua ya kuomba kuahirisha udahili, ujaze kibubu. Aliyeingia bila hiyo pesa nimemwona akiuza simu wiki ya tatu, na vipindi vyenyewe viko kwenye simu.

Bima ya mwanafunzi ya NHIF, ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400 kwa mwaka, inakuhusu wewe. Mtoto haimo. Wa chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali kwa sera ya msamaha, na kadi yake ya kliniki itembee kwenye begi lako la madaftari.

Wiki ya kwanza chuoni

Nenda ofisi mbili. Ya uhasibu, uombe kwa maandishi kulipa ada kwa awamu. Vyuo vingi vinakubali awamu mbili hadi nne, lakini asiyeomba huzuiwa kufanya mtihani. Kisha ofisi ya mshauri wa wanafunzi, mwambie wazi kwamba una mtoto. Wengi tunaficha. Mimi nilificha muhula mzima, mpaka siku binti alipopata homa asubuhi ya jaribio na sikuwa na mtu wa kumpigia. Muhula wa pili faili langu lilikuwa na barua, na nilipoleta cheti cha zahanati, jaribio nililifanya Jumatatu iliyofuata.

Akaunti ya benki iwe na majina yaleyale ya kwenye mkopo. Afisa mikopo wa chuo mjue kwa sura, na namba ya simu unayoitumia ndiyo aliyonayo yeye. Siku ya kusaini boom usiwe kijijini kwa bibi.